Mtoto wa wakimbizi aliyechunguza siri za damu

Sisi wahamasishaji wa afya tunapopita nyumba kwa nyumba, tunakutana na maswali ambayo hayana jibu la haraka. Mama anauliza: "Dawa hii jirani alikunywa akapona. Mbona mtoto wangu alipokunywa, mkojo ulikuwa kama chai ya rangi na macho yakawa ya manjano?" Mwingine anauliza: "Kliniki wananipa vidonge vya kuongeza damu, lakini mama mkwe anasema vinaharibu mimba. Nimsikilize nani?" Na baba anauliza kwa sauti ya chini: "Ugonjwa huu wa damu umetoka kwa ukoo gani, wa kwangu au wa mke wangu?"

Maswali haya ni makubwa. Yamevunja ndoa, yamepeleka watoto kwa waganga badala ya kituo cha afya, na yamefanya dawa nzuri zitupwe chooni. Katika toleo hili tunakuletea habari za mwanasayansi mmoja aliyetumia zaidi ya miaka 50 kuyatafutia majibu. Jina lake ni Ernest Beutler. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake inagusa damu yako na ya watoto wako. Pili, yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa wakimbizi.

Kutoka Berlin hadi Milwaukee

Beutler alizaliwa Berlin, nchini Ujerumani, tarehe 30 Septemba 1928. Baba yake na mama yake wote walikuwa madaktari, na mama alikuwa daktari wa watoto. Walikuwa Wayahudi. Mwaka 1933 Hitler na chama chake cha Nazi walipochukua utawala, mambo yaligeuka haraka. Madaktari Wayahudi walianza kuondolewa kazini na kuzuiwa kutibu wagonjwa waliolipiwa na bima ya afya ya taifa. Majirani wa jana wakawa hawasalimii tena. Wengi wetu hapa tunajua mambo ya namna hiyo yanavyoanza.

Wazazi hao hawakungoja moto ufike mlangoni. Katikati ya miaka ya 1930, Ernest akiwa na miaka saba hivi, familia iliondoka ikaenda Marekani na kukaa katika mji wa Milwaukee. Mtoto alilazimika kujifunza lugha mpya, shule mpya na desturi mpya. Wayahudi wa Ulaya waliobaki nyuma, takriban milioni sita waliuawa kabla vita havijaisha mwaka 1945.

Kijana huyo alishika masomo. Alipokuwa na miaka 15 tu aliingia Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1950, akiwa na miaka 21, akawa daktari.

Dawa iliyoponya wengine na kuwadhuru wengine

Miaka ile ya mwanzo wa 1950, askari wa Marekani waliopigana vita vya Korea walikuwa wakirudi nyumbani na malaria. Ilikuwa malaria ya aina inayojificha ndani ya ini, ikatokea tena baada ya miezi. Dawa ya kuitoa humo ilikuwa primakwini. Kwa watu wengi ilifanya kazi bila tatizo. Lakini kwa baadhi, siku chache baada ya kuanza kuimeza, mkojo uligeuka mweusi, macho yakawa ya manjano na damu ikapungua ghafla. Kati ya Wamarekani wanaume wenye asili ya Afrika, takriban mmoja kati ya kumi alipatwa na hali hiyo.

Beutler alipoitwa jeshini alipelekwa kwenye kundi la watafiti waliochunguza jambo hili. Uchunguzi ulifanyika ndani ya gereza la Stateville, karibu na mji wa Joliet, na waliopewa dawa walikuwa wafungwa waliojitolea. Ndugu msomaji, hapa tusifiche kitu. Utafiti ule ulileta faida kubwa, lakini baadaye watu wengi waliukosoa, kwa sababu mtu aliye gerezani hana uhuru kamili wa kukataa. Siku hizi sheria za utafiti ni kali zaidi. Hata wewe hapa kambini, mtu akija kuomba damu yako kwa ajili ya utafiti, una haki ya kuuliza ni ya nini, una haki ya kukataa, na ukikataa hutanyimwa matibabu wala mgawo.

Swali la kwanza la watafiti lilikuwa hili: kosa liko kwenye dawa, kwenye mwili wa mtu, au kwenye damu yenyewe? Walichukua damu ya mtu anayedhurika, wakaitia alama, wakamwekea mtu asiyedhurika. Huyo wa pili alipopewa primakwini, chembe zake mwenyewe zilikaa salama, lakini zile alizowekewa zilivunjika. Basi kosa lilikuwa ndani ya chembe nyekundu zenyewe.

Waliona pia jambo la ajabu. Mgonjwa alipoendelea kumeza kiasi kilekile cha dawa, kuvunjika kwa damu kulipungua, na damu ikaanza kupanda tena. Sababu ni kwamba chembe zilizozeeka ndizo zilizovunjika. Chembe changa, zilizotoka kutengenezwa, zilikuwa na nguvu ya kuhimili. Lakini tahadhari: walioonekana gerezani walikuwa wanaume wazima walioangaliwa na madaktari kila siku. Tangu hapo imejulikana kwamba kuna aina nyingine za upungufu huu ambazo kwake hata chembe changa huvunjika, na mgonjwa anaweza kufa. Kwa hiyo usije ukasema, "Ngoja niendelee na dawa, itatulia yenyewe."

Askari mlinzi asiyekuja kazini

Kwa nini chembe zile zivunjike? Chembe nyekundu kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Baadhi ya dawa zikiingia mwilini hutoa kemikali kali ambazo huichoma chembe, kama kutu inavyokula bati. Chembe yenye afya ina kinga yake, kitu kinachoitwa glutathioni. Beutler alikuta kwamba kwa watu wanaodhurika, kinga hiyo ilikuwa pungufu na ilikwisha upesi dawa ilipoingia. Mwaka 1956 wenzake katika kundi lilelile wakapata mzizi wa jambo: chembe hizo zimekosa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho kazi yake ni kusaidia kuitengeneza upya ile kinga kila inapotumika.

Fikiria nyumba yenye mlinzi wa usiku. Siku za kawaida hata mlinzi asipokuja, unalala na kuamka salama. Usiku mwizi akija ndipo unapojua kwamba hapakuwa na mlinzi. Mtu mwenye upungufu wa G6PD anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua. Anapokutana na dawa fulani au ugonjwa fulani, ndipo damu inavunjika.

Duniani kote inakadiriwa kuwa watu takriban milioni 400 wana upungufu huu. Unaonekana zaidi mahali ambapo malaria imekaa kwa karne nyingi: Afrika, nchi za Bahari ya Kati, Uarabuni na Asia. Wataalamu wanaona kwamba upungufu huu humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria kali, ndiyo maana haukupotea katika vizazi. Kwa hiyo si laana. Ni alama ya vita ambavyo babu zetu walipigana na malaria.

Mama si wa kulaumiwa

Sasa tufike kwenye swali la yule baba. Maelekezo ya kutengeneza G6PD yako kwenye kromosomu inayoitwa X. Mwanamume ana X moja tu, na anaipata kwa mama yake. Mwanamke ana mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mvulana akipata X yenye kasoro, hana nyingine ya kumsaidia. Ndiyo maana tatizo huonekana zaidi kwa wavulana, na ndiyo maana wanawake wengi wamelaumiwa.

Beutler alijiuliza: mwanamke mwenye X moja nzima na moja yenye kasoro, damu yake iko namna gani? Wengi walidhani kila chembe yake ina nusu ya nguvu. Yeye na wenzake walipima, na mwaka 1962 wakatangaza matokeo. Si hivyo. Damu ya mwanamke huyo ni mchanganyiko wa chembe za aina mbili, nyingine zima kabisa na nyingine pungufu kabisa, kama gunia la maharage ya rangi mbili. Katika kila chembe ya mwili wa mwanamke, X moja inafanya kazi na nyingine imelala. Mwanasayansi wa Uingereza, mama Mary Lyon, alikuwa ametangaza wazo hilohilo mwaka 1961 kwa kuchunguza rangi ya manyoya ya panya. Wawili hao walifika mahali pamoja kwa njia tofauti.

Hapo tunaelewa kwa nini mama mmoja hana shida kabisa, na dada yake wa tumbo moja damu inavunjika. Inategemea maharage ya rangi gani ni mengi ndani ya gunia lake. Na tunaelewa kitu kingine. Baba mwenye upungufu huu huwapa X yake binti zake wote, nao wanaweza kuwapa wajukuu. Kwa hiyo hauna ukoo mmoja. Hakuna aliyechagua X ya kumpa mtoto. Tafadhali, baba, usimfukuze mke kwa jambo hili. Na mama, usikubali kuambiwa umeroga mtoto wako.

Tone la damu na taa

Kujua chanzo bila kuwa na kipimo hakumsaidii mgonjwa. Mwaka 1959 Beutler alihamia hospitali ya City of Hope, huko Duarte, jimbo la California, na mwaka 1966 alitoa kipimo rahisi sana. Tone la damu huchanganywa na dawa ya maabara, huwekwa juu ya karatasi, kisha humulikwa kwa taa maalumu. Doa likingʼaa, G6PD ipo. Lisipongʼaa, imepungua. Kipimo hicho kilienea duniani kwa sababu hakikuhitaji mashine kubwa. Leo kuna hata vipimo vya haraka vinavyofanana na kile cha malaria cha kutoboa kidole, ingawa si kila kituo kinavyo.

Umuhimu wa kupima ulionekana wazi hapa Afrika. Mwaka 2003 ilitoka dawa mpya ya malaria iliyoitwa Lapdap, ambayo ndani yake kulikuwa na dapsoni. Ilikuwa ya bei nafuu na watu waliifurahia. Lakini dapsoni ni moja ya dawa zinazovunja damu ya mtu mwenye upungufu wa G6PD, na mwaka 2008 dawa hiyo iliondolewa sokoni kwa sababu hiyo.

Chuma: kikipungua ni shida, kikizidi ni shida

Sehemu ya pili ya kazi ya Beutler ilihusu madini ya chuma. Chuma ndicho kinachoifanya damu iwe nyekundu na iweze kubeba hewa. Kikipungua, mtu anachoka, moyo unapiga mbio, viganja vinakuwa vyeupe.

Zamani wanawake waliolalamika kuchoka kila siku waliambiwa ni uvivu au mawazo. Mwaka 1960 Beutler na wenzake walitoa utafiti juu ya wanawake wa namna hiyo, ambao kipimo cha damu kilionyesha kwamba damu yao haijapungua. Wakati fulani walipewa vidonge vya chuma, wakati mwingine vidonge visivyo na kitu, bila wao kujua ni vipi. Wale ambao akiba yao ya chuma mwilini ilikuwa imekwisha walijisikia nafuu zaidi walipopata chuma. Wale wenye akiba hawakuona tofauti hiyo. Maana yake, akiba inaweza kuisha kabla damu haijapungua, na mama anayesema amechoka asikilizwe.

Lakini mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Katika watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini kuna ugonjwa wa kurithi ambao mwili unakusanya chuma mpaka kinaharibu ini, moyo na kongosho. Tiba yake ni kumtoa mgonjwa damu mara kwa mara. Mwaka 1996 jini ya ugonjwa huo ilipatikana, na wengi wakasema kila mtu apimwe. Beutler, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi katika kituo cha Scripps huko La Jolla, hakukubali kabla ya kuhesabu. Yeye na wenzake walipima watu 41,038. Waliorithi kasoro hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa 152. Mwaka 2002 walitoa jibu: katika watu wa namna hiyo, chini ya mmoja kati ya mia ndiye anayepata ugonjwa kamili. Kurithi kasoro si sawa na kuugua. Wengi waliozoea kuamini vingine hawakufurahi, lakini yeye alisimama na hesabu zake.

Na kwetu Afrika Mashariki kuna somo la jirani. Huko Pemba, Zanzibar, watoto wadogo walipewa chuma na foliki asidi kila siku, bila kwanza kupimwa kama wamepungukiwa, mahali ambapo malaria ilikuwa nyingi. Mwaka 2003 utafiti huo ulisimamishwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kulazwa hospitali au kufariki kulizidi kwa asilimia 12 kwa watoto hao kuliko wale ambao hawakupewa. Lakini wale waliokuwa wamepungukiwa chuma kweli walifaidika. Ndiyo sababu mhudumu akikuambia usimnunulie mtoto dawa ya kuongeza damu sokoni, hakunyimi kitu. Anataka mtoto apimwe kwanza, na malaria itibiwe.

Baba na mwana

Mwanawe Beutler, Bruce, naye alikuwa mwanasayansi, na wote wawili walifanya kazi Scripps. Katika maabara ya Bruce walitokea panya wa ajabu: manyoya yalipotea mwilini yakabaki usoni tu, na damu yao ilikuwa pungufu. Walipopewa chakula chenye chuma kingi, manyoya yaliota tena. Kumbe miili yao ilikuwa imefunga mlango wa chuma tumboni. Mwaka 2008 baba na mwana na wenzao walitangaza jini inayouambia mwili kwamba chuma kimepungua, fungua mlango. Jini hiyohiyo ikiharibika kwa binadamu, mtu anakuwa na upungufu wa damu ambao vidonge vya chuma haviutibu.

Ernest Beutler alifariki tarehe 5 Oktoba 2008, akiwa na miaka 80. Mwaka 2011 Bruce alipata Tuzo ya Nobeli, pamoja na wengine wawili, kwa utafiti juu ya kinga ya mwili. Huyo ni mjukuu wa madaktari waliofukuzwa Berlin.

Tufanye nini hapa kambini?

Ndugu msomaji, tusome habari hizi kisha tuzitumie:

1. Mtu akimeza dawa yoyote, na mkojo ukawa mweusi au kama chai ya rangi, macho ya manjano, kuhema sana au weupe wa viganja, mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku. Chukua na paketi ya dawa. Malaria kali nayo inaweza kuleta mkojo mweusi, kwa hiyo usiamue mwenyewe nyumbani.

2. Dawa iliyokudhuru, omba jina lake liandikwe kwenye kadi yako. Ukihamishwa kambi, ukirudi nyumbani au ukipelekwa nchi nyingine, kadi hiyo isibaki nyuma.

3. Usinunue vidonge vya kuhesabu mkononi pale sokoni. Muuzaji hajui damu yako. Dawa ya mseto ya malaria unayopewa kliniki, ile ya asubuhi na jioni kwa siku tatu, haina shida kwa wenye upungufu wa G6PD. Imalize yote.

4. Usiweke vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo kwenye nguo za mtoto mchanga. Vile vya nafutalini vinaweza kuvunja damu yake.

5. Kuna aina ya maharage mapana yanayoitwa fava ambayo huwadhuru wenye upungufu huu. Maharage ya kawaida ya mgawo si hayo. Wapikie watoto bila hofu.

6. Mama mjamzito, meza vidonge vya chuma na foliki asidi kama ulivyoelekezwa. Haviharibu mimba. Kinyesi kuwa cheusi ni kawaida ya chuma, usiogope. Mkojo kuwa mweusi ndiyo dalili mbaya.

7. Sombe, lengalenga, maharage na dagaa vina chuma. Kula pamoja na limau, chungwa au nyanya mbichi ili mwili ukipokee vizuri. Chai ngoja saa moja au mbili baada ya chakula, kwa sababu inazuia chuma kuingia.

8. Kama katika familia kuna watoto wanaopungukiwa damu mara kwa mara, waleteni wapimwe. Huenda ni minyoo, malaria, selimundu au upungufu wa G6PD. Kila kimoja kina njia yake, na hakuna hata kimoja kinachotibiwa kwa kumtafuta mchawi.

Jambo la mwisho ni kwa wazazi wanaosema shule ya kambini haina maana kwa sababu hatujui kesho tutakuwa wapi. Wazazi wa Beutler nao hawakujua. Walibeba mtoto, wakamweka darasani katika nchi ya watu. Kesho asubuhi mtoto wako akiamka, mpe uji, mpe daftari lake, aende.

Mwenye swali juu ya habari hizi amwone mhamasishaji wa afya wa mtaa wake.